Mkunga Anayebishana na Shai

Mkunga wa kijiji chetu cha wachonga makaburi humwogopa nge, lakini Shai hamwogopi. Sisi wengine tukimtaja mungu huyo anayempimia kila mtoto umri wake, tunanong'ona. Yeye huyaosha matofali mawili ya kuzalia, ambamo Shai hukaa, huku akiyafokea kama mteja aliyepunjwa bia. Dada yangu Wabet alipochuchumaa juu ya matofali hayo, mtoto akatoka kimya, amelegea. Mkunga akampangusa pua kwa vidole vyake vinavyonuka mafuta ya nyonyo, akampulizia, kisha akaligonga tofali kwa kiganja.

“We Shai, acha ubahili! Mpimie vizuri, mama yake anakuona!”

Mtoto akalia. Wabet akaanza kushukuru.

“Nyamaza, mwanangu,” mkunga akamkatiza, mkono ungali juu ya tofali. “Bado sijadai nyongeza.”