Kitenge Chini ya Viatu vya Bibi Odessa

Jamani, jambo hili nimelificha karibu mwaka mzima, lakini kwa kuwa Furaha ameshaanza kulitangaza kanisani, bora mlisikie kwangu mwenyewe niliyebaki na shimizi mbele ya ukumbi mzima wa Wamarekani.

Ilikuwa mwaka jana, 2015, nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Louisville, namhudumia Bibi Odessa, mama mweusi wa miaka tisini na mitano, mfupi, mkali, miguu haimbebi tena. Alipokuwa na miaka saba alicheza vodevili, yale maonyesho ya zamani ambapo mchekeshaji anatoka, mbwa wa kuruka viunzi anaingia, kisha mwimbaji, kabla sinema haijawamaliza wote. Yeye na dada zake walivaa viatu vyenye vyuma chini, wakagonga sakafu mpaka inaongea. Nikimchana nywele alinisimulia: treni mpaka Columbus, treni mpaka Buffalo, ukumbi mzima unawashangilia, halafu hoteli haziwataki weusi, wanalala majumbani kwa waumini weusi wenzao. Hapahapa Louisville, katika ukumbi mmoja wa mjini, mama yake alimtazama kutoka ghorofa ya juu kabisa, maana chini walikaa wazungu tu. Mimi niliyekulia kambini Tanzania, nikidhani nimeona mambo, nilikuwa nabaki na kitana hewani.

Ukumbi uleule ukaandaa alasiri ya kuwakumbuka wasanii wale, wakamwomba Bibi acheze akiwa ameketi.

"Nataka wanisikie mara moja tu," aliniambia, "na safari hii watu wangu wakae mbele."

Siku yenyewe sketi yangu ilikuwa haijakauka. Furaha, Mkongo ninayeishi naye kule mtaa wa Newburg, akasema, "Bon, funga tu kikwembe juu ya shimizi. Nani ataona?" Nikafunga kitenge changu (hapo ndipo nilipojimaliza).

Nikamsukuma Bibi hadi katikati ya jukwaa, nikakaza breki za kiti chake cha magurudumu, nikajibanza pembeni. Akaanza, ta-ka-ta, ta-ka-ta, polepole, halafu mbio, ukumbi kimya, wajukuu zake mstari wa mbele wanalia, nami nikaona huyu ni malkia na anakanyaga mbao tupu, na kwetu mtu wa heshima unamtandikia kitenge akanyage, basi nikapiga vigelegele, nikakifungua kiunoni, nikakimbia, nikakitandika chini ya viatu vyake.

Sauti ikakatika.

Viatu vinakwenda, hakisikiki kitu. Bibi akaangalia miguu yake, uso umemshuka, na hapo ndipo nilipoelewa: miaka themanini na kitu amengoja, nami nimemziba mdomo kwa kitambaa. Nikakivuta, pindo limenasa kwenye gurudumu, nikavuta tena kwa nguvu, kikachanika, nikaanguka chali, shimizi ya maua yenye kiraka hadharani. Kicheko kilichopigwa! Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi akainua mkono, wakanyamaza.

"Columbus tuliingia kwa mlango wa jikoni," akawaambia. "Buffalo vilevile. Hakuna aliyewahi kunitandikia kitu." Kisha akanigeukia. "Asante, mwanangu. Sasa kiondoe, wanisikie."

Nikakiondoa, nikajifunga kile kilichobaki, nikakaa palepale sakafuni, na mbao zikaongea tena, nikazisikia zikinipanda hadi kifuani, nikalia kama mtoto bila kujali nani ananiona.

Nimeapa, wenzangu: heshima yangu haitatandikwa tena chini ya mtu yeyote kabla sijamsikiliza mpaka amalize.