Rula Kati ya Kolwezi na Manono

Siku nilipopata diploma yangu ya masomo ya jioni, nilipita nayo kifuani mitaa yote ya Dilala, hapa Kolwezi, na naapa hata mbuzi walinipisha njia. Basi mama aliponipigia simu kutoka Manono kusema macho yake yanaingia giza, mimi sikulia. Nilitafuta rula.

"Kuya nikuone, mutoto yangu," alisema. "Kisha macho ifunge kama inataka."

Miaka saba alikuwa hajaniona. Kazini walinipa siku nne. Nikatandaza ramani ya Kongo mezani, nikapima kutoka kiwanja cha ndege cha Kolwezi hadi cha Manono: kilometa mia nne na thelathini hivi. Nikagawanya kwa mwendo wa ndege ndogo. Saa moja na dakika chache.

"Mama, weka sufuria ya sombe ku moto wakati ndeke inaruka. Ikiiva, mi nafika."

"Saa moja tu?"

"Hesabu haidanganyi, mama."

Dereva wa pikipiki aliyenipeleka kiwanjani alicheka njia nzima. "Mukubwa, weye unafikiri ndeke inafwataka rula?"

Nilimwonea huruma, maskini, hakusoma. Tiketi yangu iliandikwa Manono, na mtu wa diploma haulizi inapitia wapi. Ilipitia Lubumbashi, upande mwingine kabisa. Huko tulishushwa, tukaambiwa ndege ya Manono itaruka ikipata abiria wa kutosha.

Abiria wa kutosha! Tulikuwa watatu. Siku ya pili wenzangu wawili wakaondoka kwa barabara, nikabaki na benchi. Nilihesabu mbao za dari mpaka nikazijua kama ndugu zangu. Sikuwa na mtu hata mmoja pale wa kumdanganya kwamba mambo ni mazuri, na mama sikumpigia, nisije nikakiri kwamba hesabu imedanganya. Kila nilipouliza, mama wa tiketi aliniita baba na kujibu kwa upole uleule: "Kesho, tata."

Siku ya tatu walisema ndege itaruka kesho kwelikweli, ila itarudi wiki ijayo. Na Kolwezi, wanaongoja nafasi yangu ya kazi langoni ni wengi kuliko mchwa. Nikapanda basi, nikarudi.

Nilipofika chumbani nilimpigia mama, nimejiandaa kuungama. Yeye akaniwahi.

"Jirani alinipeleka ku kiwanja siku zote tatu. Leo nilisikia ndeke yako inapita juu sana. Nikapunga kitambala. Ulikuwa ku dirisha?"

Niliitazama rula, bado iko mezani.

"Ndiyo, mama. Nilikuona."

Nilisikia kuku wa kwake wakigombana.

"Basi weye uliniona," akasema. "Mi ndiye sikukuona."

Nilikaa kitandani, viatu bado miguuni, simu sikioni. Akaniuliza kama nimezeeka. Nikaanza kumweleza uso wangu polepole, bila kuongeza kitu: paji la uso, mvi mbili upande wa kushoto, shavu lililoingia ndani.

"Endelea," alisema. "Pua?"