Chupa Safi ya Maji ya Zuzu

Daktari Mjerumani hapa Dodoma alinipa chupa nimletee maji ya bwawa la Zuzu, wanakooga vibarua wa reli, apime kama yana wadudu wa maradhi. Sasa mimi nimelelewa: mkubwa hapelekewi maji ya tope. Kila Jumatatu niliyachuja kwa kilemba changu, nikayachemsha, ndipo nikampelekea.

Vibarua wakalalamikia upele. Daktari akasema bwawa halina kosa, na kesho yake akaenda kuoga yeye mwenyewe, nami nimembebea taulo.

Tulikuta ng'ombe ndani. Akayatazama maji, kisha akanitazama mimi.

"Yale ya chupa uliyachota wapi?"

"Hapa hapa, Bwana Daktari," nikajibu kwa fahari. "Ila wewe nilikuchemshia."