Hidrojeni Iliyokaa Mbali na Wenzake

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa kemia Sumbawanga, na nilikuwa mtu wa kuudhi. Nilikuwa nimeanza shahada ya uzamili Dar es Salaam, nikamaliza masomo ya darasani, kisha ruhusa yangu ikaisha, nikarudi kufundisha huku tasnifu ikiwa imebaki yote. Nyumbani kwetu, mtaa wa Chanji, sikusema imebaki yote. Nilisema imebaki kuandika.

Tasnifu ilihusu ganda la ulezi mwekundu. Kwetu kila mtu anakula ulezi na kuunywa, lakini mimi ndiye niliyetaka kujua kwa nini ganda lake linaweza kuzuia mafuta yasichache. Mafuta huchacha kwa sababu ndani yake huzuka chembe zenye upungufu, tunaziita radikali huru. Kila moja humnyang'anya jirani hidrojeni, na jirani aliyenyang'anywa naye humgeukia wa pili, hadi chupa nzima inanuka. Katika ganda la ulezi mna molekuli iitwayo katekini, ambayo hutoa hidrojeni yake bila kugombana, na vurugu inaishia hapo. Nilitaka kukokotoa kwa kompyuta: inahitajika nguvu kiasi gani kuichomoa hidrojeni hiyo? Ikihitajika kidogo, basi molekuli ni karimu. Sikuhitaji maabara wala moto. Nilihitaji kompyuta tu, na kompyuta sikuwa nayo.

Rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa na ruhusa ya kuingia chumba cha kompyuta kule chuoni. Tukakubaliana nimtumie mahali ilipo kila atomu, yeye aingize namba. Katekini ina atomu thelathini na tano, na mahali pa kila moja huelezwa kwa namba tatu. Wenzangu huko Dar walikuwa na programu ya kuchorea molekuli. Mimi nilikuwa na viazi.

Nilichukua viazi mviringo kumi na tano vya mama vikawa kaboni, vitunguu sita vikawa oksijeni, na maharage kumi na manne yaliyolowekwa yakawa hidrojeni. Nikaviunga kwa njiti za fagio, nikapima kwa rula na kipimapembe. Siku tatu hakuna aliyekula kwenye meza ya sebuleni. Jumapili nilikwenda misa ya kwanza, na niliporudi nikakuta duara moja zima la kaboni halipo.

"Mama, vile viazi viko wapi?"

"Viko jikoni. Tumepata wageni."

"Mama, ile ilikuwa molekuli!"

"Ilikuwa imeanza kuota," mama akasema. "Hivi vilivyobaki nivimenye, au bado unavipima?"

Nikakaa na wageni, nikala kaboni zangu kwa chumvi. Kesho yake nikaanza upya.

Namba zilipokamilika nilizipeleka kwenye duka la simu na faksi. Lilikuwa la mtu binafsi, jambo geni mjini siku hizo, na wapo waliokwenda pale kutazama tu karatasi ikimezwa na mashine. Mhudumu alizitazama kurasa zangu mbili akaniuliza kama ni namba za bahati nasibu. Nikamjibu kwa dharau kwamba ni sayansi.

Wiki mbili baadaye rafiki yangu alinipigia pale pale dukani.

"Jibu limetoka. Kuichomoa ile hidrojeni kunahitaji nguvu karibu na sifuri."

"Sifuri?"

"Sifuri, mshikaji. Inatoka yenyewe."

Mwanakemia mwenye akili timamu angeshtuka. Mimi niliagiza soda. Nilikuwa nimegundua molekuli karimu kuliko zote duniani, tena inaota nyuma ya nyumba yetu. Nilimwambia mama, nikawaambia walimu wenzangu, na baada ya misa nikawaeleza hata watu ambao hawakuwa wameniuliza chochote.

Habari zikamfikia mama mmoja Msukuma aliyekuwa akituletea maziwa na samli. Familia yake ilikuwa imehamia kwetu na ng'ombe wao, wakajenga nje kidogo ya mji. Alikuja asubuhi moja, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia una dawa ya kuzuia samli isichache. Yangu ikifika sokoni Laela mnunuzi anainusa, anakunja uso. Na siku hizi madukani kuna mafuta ya kopo ya kutoka nje, hayanuki hata yakae vipi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba kazi yangu haijafika huko. Badala yake nilichukua chaki, nikamchorea katekini mlangoni. Aliitazama kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

Sikujua. Maishani mwangu sikuwahi kupika samli. Nikasema, kwa sauti ya mtaalamu, atwange ulezi mwekundu, achemshe pumba zake ndani ya samli, kisha achuje.

"Pumba kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha," nikasema.

Mwezi haukuisha, rafiki yangu akapiga tena.

"Wewe, moja unaiandikaje?"

"Kama watu wote."

"Yako ina pua ndefu. Mimi niliisoma saba. Ile hidrojeni nimeiweka mbali kabisa na molekuli, haijashikana na kitu chochote."

"Ndiyo maana ilitoka kirahisi?"

"Haikutoka. Haikuwa imeshikwa."

Nilikuwa mwalimu anayekata alama kwa mwandiko mbaya, na wanafunzi wangu walilijua hilo vizuri. Niliondoka dukani nikitazama chini. Jumamosi nikapanda baiskeli kwenda kwa yule mama, njia nzima nikipanga maneno, na nilipofika yote yakapotea.

"Mama, ile hesabu yangu ilikuwa na kosa," nikamwambia. "Naomba unisamehe. Kama umeshatia ulezi kwenye samli yote, nimekuharibia."

Aliingia ndani, akatoka na vibuyu viwili.

"Hiki nilitia ulezi. Hiki sikutia."

"Kwa nini hukutia vyote?"

Akanitazama kama ninavyowatazama kidato cha kwanza.

"Ningejuaje kama ni ulezi uliosaidia, au ni hii baridi ya mwezi huu?"

Nikanusa. Kile kisicho na ulezi kilikuwa kimeanza kuchacha. Chenye ulezi kilinuka kidogo zaidi ya samli mpya, lakini kilikuwa na rangi ya kahawia, na nilipoonja nilipata ladha ya uji ulioungua.

"Haijachacha sana," akasema, "ila hakuna atakayeila. Na wewe, mwalimu, cha kwako kisicho na ulezi kilikuwa kipi?"

Sikuwa nacho. Nilikuwa nimekokotoa molekuli moja, peke yake, bila nyingine ya kuilinganisha nayo. Ningeweka pembeni yake molekuli ambayo nguvu yake tayari inajulikana, sifuri ile ingenicheka siku ile ile. Yule mama alinipa ile samli ya kahawia niende nayo, na nyumbani mama yangu akaitumia kulainisha bawaba za milango.

Niliandika namba upya, moja zote zikiwa vijiti vilivyonyooka, nikaongeza fenoli, molekuli ndogo ambayo watu wameshaipima maabara. Jibu lilipokuja, katekini ilikuwa karimu kuliko fenoli, kwa kiasi cha heshima tu. Halikuwa jambo la kumsimamishia mtu baada ya misa.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja alifungua ripoti ya mwanzo niliyokuwa nimeituma chuoni. "Hapa hukuwa na molekuli ya kulinganisha," akasema. "Nini kilikufanya uiongeze?"

Nilikuwa na suti ya mitumba, na msimamizi wangu alikuwa ameketi mbele yangu. "Nilisoma zaidi," nikajibu.

Wakatikisa vichwa kwa kuridhika, nikafaulu. Safari yote ya kurudi nilijiambia kwamba nitakwenda kwa yule mama kumweleza ukweli, kwamba wazo lile lilikuwa lake. Nikakuta wameshahama na ng'ombe wao, wamekwenda upande wa Namanyere. Tangu hapo nimepita Namanyere kwa basi mara nyingi, na kwenye stendi ile basi husimama muda wa kutosha mtu kushuka na kuulizia. Sijawahi kushuka.