Merlene Ndani ya Dabu

Winfield Tulloch, mpaka rangi wa nyumba mtaani St Pauls hapa Bristol, Uingereza, ndiye aliyetengeneza albamu ya kwanza ya drum and bass iliyowafunza kazi vijana wote wa mtaa wetu, na hakuna duka lililowahi kuiuza. Msinibishie, nilikuwepo.

Alikuwa akiyakata mapigo ya ngoma vipande vipande, kisha anayapanga upya yaende mbio mpaka miguu ikose pa kukanyaga, na chini yake anatandika besi ya kutikisa madirisha. Juu ya hayo yote alimweka dada yake Merlene, akiimba polepole kana kwamba zile mbio hazimhusu. Nyimbo nane, zote sauti yake.

Sasa, kwetu wimbo mpya haukukimbizwa dukani. Ulichongwa kwanza kwenye dabu, santuri laini ya nakala moja tu, dijei, Winfield akiwa mmoja wao, akaupiga ukumbini kila wikendi na wenzake wakafa kwa wivu. Utamu ulikuwa huo, kuwa nao peke yako. Tatizo, dabu ni laini na kila sindano ikipita inaikwangua kidogo, mwisho unabaki mchakacho mtupu. Tulijua, na wala hatukujali, maana kwetu wimbo wa mwaka jana ulikuwa kiporo. Hata kanda ulimorekodiwa mwanzo ilifutwa ili kubeba wimbo mwingine. Winfield naye, kichwa maji, alifuta zake zote.

Kampuni moja ya muziki ilimbembeleza atoe albamu. Akawaambia bado.

"Wape, Win," Merlene alimwambia siku moja akimenya viazi. "Mama akiiona dukani atakubali kusikiliza."

"Tulia wewe. Ikitoka, kila mpuuzi atakuwa nayo."

"Si ndiyo maana ya kutoka, bwege."

Mama yao, Bi Icilda, alikuwa mtu wa kanisa haswa. Alisema binti yake alipewa koo amwimbie Mungu, si walevi, na hakukubali kusikia hata wimbo mmoja. Merlene alicheka, lakini mimi namjua, ilimuuma.

Majira ya baridi ya mwaka tisini na sita ugonjwa wa selimundu ulimlaza Merlene hospitali, kama ulivyomlaza mara nyingi, na safari hii hakurudi. Kabla ya masika vijana wa mtaa wa pili wakatoa albamu yao. Magazeti yakasema muziki umezaliwa upya. Ilikuwa ni mikato ya Winfield mwanzo mwisho. Hawakuiba, walijifunza kwake ukumbini, na yeye hakuwa na nguvu za kugombana. Alichotaka ni sauti ya dada yake tu.

Akazibeba dabu nane hadi kwa mzee Len, aliyezichonga. Len akaitazama mifereji yake kwa lenzi, santuri moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa.

"Umempiga mpaka umemmaliza, kijana wangu. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kwenda." Akaitenga moja. "Hii labda. Ipige mara moja, unase kwenye kanda, basi."

Winfield akaifungia kabatini nyumbani kwao. Miezi ikapita hana ujasiri wa kuigusa. Ikiwa imefungwa, Merlene alikuwa bado yumo.

Jumapili moja baada ya ibada, Bi Icilda alimpakulia wali wa maharage, akakaa mbele yake bila kuvua kofia.

"Yale makelele yenu," akasema. "Nataka kumsikia mwanangu."

"Mama, santuri imechakaa."

"Nami nimechakaa. Weka."

Angemnyima vipi? Akaunganisha mashine ya kurekodi, akafuta vumbi, akashusha sindano.

Besi ikaja, nzito bado. Ngoma zikaja nyuma yake, zimeziba kama za nyumba ya jirani. Kisha ukaja mchakacho. Winfield alikijua kila kituo: hapa Merlene anavuta pumzi, hapa anapandisha, hapa aliwahi kucheka na wakaamua kukiacha kicheko. Vyote vilipita na hakuna kilichosikika. Akahisi anamzika mara ya pili, tena kwa mkono wake.

Bi Icilda alikuwa ameinama kuelekea spika, amefumba macho.

"Anaanza kuimba lini?" akanong'ona.

Sindano ilifika katikati ya santuri, mwisho wa wimbo, na santuri ikabaki inazunguka.

"Ameshaimba, Mama."

Bi Icilda akavua kofia, akaiweka mapajani. Akasogeza kiti karibu zaidi na spika.

"Basi rudisha," akasema. "Nilikuwa sijakaa vizuri."

Winfield akairudisha sindano mwanzo.