Mbiu Isiyo na Jambo

Mungu anisamehe, lakini Sabiha wa Usagara sijamsamehe mpaka leo. Yeye na wenzake wa chama cha Asumini ndio waliomtungia wimbo Mwatumu wetu, na kila neno la wimbo ule ninalikumbuka.

Mwatumu alikuwa mshona kofia wa Chumbageni, na katika chama chetu cha ngoma ya lelemama, Waridi, ndiye aliyesimama katikati ya benchi. Lelemama yetu ilichezwa hivi: mnajipanga juu ya benchi, mikono inakwenda pamoja, na chama cha pili kinasimama juu ya benchi lake upande wa pili wa ua, kinawarushia mafumbo. Atakayeshuka kwanza ameshindwa.

Siku ya arusi ya Chiku, Mwatumu alishikwa. Moyo ulimwenda mbio, pumzi zikakata, vidole vikafa ganzi, akaona kifo hiki hapa. Akaruka chini akakimbilia nje bila viatu. Haukupita muda, Asumini walikuwa na wimbo:

Tazameni miguu yamtetema,
Sasa hivi atashuka kumlilia mama.

Mamake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Sabiha alilijua hilo, na wali wa matanga alikula.

Nduguze Mwatumu wakasema ni pepo. Wakampeleka kwa fundi wa kupunga, akafunikwa kaniki, akafukizwa ubani, ngoma ikapigwa masikioni mwake. Mtu anakosa pumzi, wao wanamtia moshi! Akashikwa tena humo humo. Tangu hapo hakwenda sokoni wala arusini, hata barazani kwake hakukaa.

Aliyemtoa ni jirani yake Benedikta, nesi wa Kibondei, mtu mzima, aliyewahi kuwauguza askari waliorudi kutoka vita vya Burma na mioyo iliyowaenda mbio bila sababu. Hakumpa dawa. Alikaa naye ukumbini, akamwuliza habari ya msiba ilimkuta wapi. Mwatumu akasema ilimkuta juu ya benchi, akicheza. Wanawake walimshusha wakamvika buibui, na machozi hayakutoka, wala matanga yalipoondolewa hayakutoka.

“Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo,” Benedikta akamwambia. “Lakini kwako, mwanangu, inalia na jambo hakuna. Ukiikimbia, kesho italia zaidi. Kaa nayo, vuta pumzi polepole, itanyamaza yenyewe.”

Akarudi kwa Benedikta tena na tena, akamzungumzia mamake mpaka akalia kilio chake chote. Kisha wakaanza kutoka pamoja: kwanza mpaka bombani, halafu sokoni, mwishowe kwenye ua mtupu, akapanda benchi, woga ukamjia, akaungoja mpaka ukamwacha. Nilimwuliza shida yote hiyo ni ya nini. Alisema anautaka uso wa Sabiha siku atakaposhuka yeye.

Aliupata kwenye arusi ya Miraji. Tulipanda, Asumini nao wakapanda, na Sabiha akaanza wimbo wake kabla hata ngoma haijakolea. Nilisimama bega kwa bega na Mwatumu. Mkono wake ulitetemeka na jasho lilimtiririka.

“Mbiu hiyo,” akaninong'oneza. “Iache ilie.”

Nilizisikia pumzi zake, ndefu, za polepole. Mkono ukatulia, ukaendelea na mikono yetu.

Wale wakarudia wimbo, wakarudia tena, wakimngoja ashuke. Sauti zikawakauka. Wanawake waliokuja kutazama wakaanza kucheka, na mmoja akauliza huyo anayetetemeka ni yupi, mbona yeye hamwoni. Sabiha hakuwa na ubeti mwingine. Alizungusha macho, akakosa pa kuyaweka, akashuka.

Mwatumu akamngoja mpaka miguu yote miwili ikafika chini.

“Mama nimeshamlilia, shoga,” akamwambia mbele ya ua mzima. “Nawe nenda katafute pa kulilia.”