Shindano ndani ya kifua ya mujomba

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tangu ile siku sipendi mutu aniambie "ngoja".

Gerenade ililipuka asubuhi ku soko ya Jabe. Mujomba wangu, fundi wa magari, alikuwa amepita kununua buji ya moteri. Watu wawili walimuleta nyumbani, anatembea mwenyewe, damu kidogo tu, katundu kama ka musumari chini ya kwapa ya kuume. Tukashukuru Mungu. Bibi, mama yake, akamufunga kitambaa kwa nguvu.

Nusu saa haikuisha, akaanza kutafuta hewa. Midomo ikabadilika rangi, mishipa ya shingo ikavimba. Askari walikuwa wamefunga barabara ya hospitali, basi nikakimbia kumuita jirani yetu, infirmier, muuguzi wa hospitali.

Akafika, akagonga kifua ya mujomba na kidole. Upande wa kuume ukalia kama ngoma.

"Hewa inatoka ku pafu, inabaki ndani ya kifua," aliniambia. "Inakandamiza pafu, inakandamiza na moyo."

Alikuwa na shindano kubwa moja tu, ile sindano ya kutundika serumu. Akaiingiza ku ubavu ule wa kuume, katikati ya mbavu. Psss! Wote tulisikia. Mujomba akavuta pumzi ndefu.

"Muganga, umenitoa presio ya hewa."

"Nyamaza, fundi. Leo we ndiyo mupira ya gari."

Akatoa chuma ya shindano, akaacha ndani kamurija kake kalaini, hewa iendelee kutoka. "Akae hivi, ameegemea ukuta. Mutu asikaguse. We ngoja, mi naenda kutafuta gari na ruhusa ya kupita."

Alichelewa. Mujomba alichoka, akafunga macho. Kwetu, mutu anayekufa analazwa kwa ubavu wa kuume, uso ku Kibla. Bibi akaona saa yake imefika, akatuambia, mi na majirani waliokuja, "Mumugeuze."

"Apana, bibi! Muganga amesema…"

"Muganga ndiye atamujibia mbele ya Mungu? We mutoto, shika miguu."

Nikashika miguu. Niliona aibu kubishana wakati bibi na majirani wanasoma Yasini. Mujomba akafungua macho, akapigapiga mukono kwa godoro, kifua haipandi. Alikuwa amelalia kamurija.

"Kamejikunja!" nikasema. "Bibi, kamejikunja!"

Walisoma kwa sauti zaidi. Walifikiri ni roho inatoka.

Infirmier aliporudi na gari, akamugeuza haraka. Kamurija kalikuwa kamekunjika mara mbili. Akakanyoosha. Hewa haikutoka. Alibaki na vishindano vya kuchoma dawa tu. Akaingiza kimoja, kifupi, hakikufika. Akaingiza cha pili pale pale. Halafu akakaa chini, dereva bado anapiga honi inje.

Bibi alikuwa anafunga macho ya mutoto wake, anamushukuru Mungu kwamba amekufa anaangalia Kibla.

"Nani alimugeuza?" infirmier akaniuliza polepole.

Bibi hakusikia. Nikajibu ni mi.